Watu wa Kwanza wa Lubumbashi

Lubumbashi imeandikiwa mwaka wa kuzaliwa, nao ni 1910. Kwa upande wa reli, ofisi na ramani, mwaka huo hauna ubishi. Ubishi uko kwa watu. Waliokuwa wakiishi kando ya mto Lubumbashi kabla ya gari moshi la kwanza kufika hawamo katika masimulizi ya kuanzishwa kwa mji, na maelfu waliofuata waliingia humo kama idadi ya mikono. Katika nchi hii, mtu alianza kuandikwa siku nguvu zake zilipotakiwa. Ndiyo maana historia ya wakazi wa mji huu ni historia ya nani alihesabiwa, na nani, na kwa haja gani.

Kabla ya reli

Mgodi ambao Wabelgiji waliupa jina la Étoile du Congo, upande wa mashariki wa mji wa leo, wenyeji walikuwa wakiuita Kalukuluku. Wazungu hawakuugundua. Walipofika walikuta mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, na walioonyesha njia walikuwa watu wa vijiji vya karibu.

Ufundi huo ulikuwa wa kale. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale kwenye bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi huko 1957 na 1958 waliwakuta wafu wamezikwa pamoja na mapambo ya shaba na vile visalaba vya shaba ambavyo baadaye vilikuwa fedha ya sehemu kubwa ya Katanga na ng'ambo ya mipaka yake. Shaba iliyofika Upemba ilitoka mbali na ziwa, katika ukanda wa vilima vya kusini ambamo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zimesimama leo. Kwa hiyo kulikuwa na wachimbaji, wapagazi na wanunuzi karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa Brussels.

Kazi hiyo ilikuwa na majira yake. Mtama ukishavunwa na mvua zikiisha, mnamo mwezi wa tano, mafundi waliondoka kijijini pamoja na watu wao wakapiga kambi karibu na mashimo. Wanawake na watoto waliosha na kuchagua mawe ya kijani. Wanaume walichoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto hadi shaba ikatiririka. Mafundi hao walikuwa na miiko, dawa na mabwana wao, nao waliitwa wakula mukuba, yaani wala shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao 1926, wakati kazi yao ilikuwa imekwisha kubaki kumbukumbu. Mvua za kwanza zilipodondoka, kambi ilivunjwa na kila mtu akarudi shambani.

Wenye nchi ya mtoni walikuwa Walamba, na pande za magharibi na kaskazini walipakana na Wakaonde na Wasanga. Hadi leo machifu wa Walamba wanatajwa kwa majina yale yale: Kaponda, Kinama, Shindaika. Vijiji vyao vilikuwa vidogo. Walilima kwa kukata matawi ya miti ya miombo na kuyachoma, wakapanda mtama katika majivu, na udongo ulipochoka wakahama. Msitu uliwapa mengine yote: asali, uyoga wa masika, viwavi, nyama. Mtu aliyezoea miji ya mawe angeweza kupita katika nchi hiyo siku nzima akadhani haina mwenyewe. Kosa hilo la macho liligeuzwa kuwa sheria, na matokeo yake yangali nasi.

Kati ya miaka ya 1850 na 1891, nchi hiyo iliishi chini ya kivuli cha Msiri. Huyu alikuwa mfanyabiashara Msumbwa, kutoka sehemu ambayo sasa ni Tanzania magharibi, aliyefuata njia ya shaba na pembe za ndovu, akaoa katika koo za huku, akajijengea ufalme wenye makao Bunkeya. Misafara yake ilikwenda pwani zote mbili, Benguela na ile ya Waswahili. Machifu wa Walamba na Wasanga walipeleka ushuru kwake, na watu pia walipelekwa, maana ufalme huo uliuza watumwa. Vijiji vingi vya kusini vilipunguka kwa njia hiyo kabla Mzungu hajaanza kuvihesabu.

1891–1910: nchi iliyoitwa tupu

Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, na yeye mwenyewe akauawa katika mapambano hayo hayo. Msafara aliokuwa nao, wa Mkanada William Stairs, ulikuwa umetoka Zanzibar na mamia ya wapagazi wa pwani, na ulikuwa umetumwa kuitwalia Katanga mfalme Léopold II kabla Waingereza wa Cecil Rhodes hawajaifikia. Mwaka uliofuata mtaalamu wa miamba, Jules Cornet, alizunguka nchi hiyo na kuandika juu ya utajiri uliomo ardhini.

Karatasi zilikuwa zimetangulia watu. Tangu 1 Julai 1885 sheria ya Léopold ilikuwa imetamka kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Kwa watu wanaohama na mashamba yao, sheria hiyo ilimaanisha kwamba kijiji kilichopo ni chao, lakini kile walichoondoka juzi na kile watakachokwenda kesho si vyao. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalum ya Katanga, CSK, ya kuisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya dola na ya kampuni moja kwa pamoja. Mpaka na Waingereza, uliokubaliwa 1894, ulipita katikati ya Walamba. Ndugu wakajikuta wengine ni watu wa Kongo na wengine watu wa Rhodesia ya Kaskazini, hali yao ni ile ile ya mtama na uyoga.

Mwaka 1899 Mwingereza George Grey alifika kutoka kusini, ametumwa na Robert Williams, mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions. Miaka iliyofuata watu wake walipita shimo kwa shimo, wakipima kile ambacho wakula mukuba walikuwa wamekiacha. Tarehe 28 Oktoba 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga, fedha zake zikiwa za Kibelgiji na za Kiingereza. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kutolea shaba, na reli ya karibu ilikuwa ile ya Waingereza. Ilifika Sakania mpakani mwishoni mwa 1909.

1910–1914: mji wa mistari

Mahali pa mji palichaguliwa kwa sababu mbili tu: mgodi wa Kalukuluku ulikuwa karibu, na mto Lubumbashi ulikuwa na maji ya kutosha kwa tanuru la kuyeyushia. Émile Wangermée, mkuu wa serikali ya Katanga, aliamuru mitaa ichorwe kwa mistari iliyonyooka katikati ya miombo. Reli ilifika mwishoni mwa Septemba 1910, na mji ukaitwa Élisabethville, kwa jina la Élisabeth, mke wa mfalme Albert I. Katikati ya 1911 tanuru lilimwaga shaba yake ya kwanza.

Wazungu wa kwanza wa Élisabethville hawakuwa Wabelgiji peke yao, na wala Wabelgiji hawakuwa na uhakika kwamba mji ni wao. Wengi waliokuja na reli walikuwa Waingereza na watu wa Afrika Kusini. Sarafu iliyozunguka madukani ilikuwa ya Kiingereza. Waitaliano walikuja kujenga. Wagiriki walifungua maduka, kisha wakaenda Kasenga, mto Luapula, na samaki wao wakawalisha wafanyakazi wa mji kwa miaka mingi. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walijenga jumuiya iliyofungua sinagogi lake 1930. Wasalesiani walifika 1911 na mwaka uliofuata wakafungua shule ya watoto wa Kizungu. Wabenediktini wa de Hemptinne walichukua misheni za Waafrika.

Na Waafrika waliokuja na reli hiyo hiyo? Hao ndio wengi, nao hawana sanamu. Walikuwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland: wachimbaji waliokwisha kuonja migodi ya kusini, makapita (wasimamizi wa vibarua), makarani waliosoma shule za misheni, wapishi, wafua nguo. Waliijua kazi ya mshahara kabla Katanga haijaijua. Makarani wao waliandika barua za kampuni, na waumini wao walianzisha sala za Kiprotestanti mjini kabla ya wamisionari wengi kupata nyumba.

Walamba hawakukimbilia tanuruni. Walipima mambo wakaona faida iko kwingine. Mji wenye njaa unanunua unga, kuku, asali, samaki na makaa, na shamba haliui kama shimo linavyoua. Kwa miaka kadhaa walilipa kodi ya kichwa, iliyowekwa kisheria 1910, kwa fedha ya mazao yao. Kampuni iliandika katika taarifa zake kwamba ni wavivu, na sifa hiyo ikawaganda. Mimi naisoma kinyume: walikuwa watu waliokataa bei mbaya huku wakiwa na njia nyingine ya kuishi. Ila gharama ya kukataa ilikuwa kubwa. Kwa kuwa hawakuhitajika kama wafanyakazi, walikoma kuhesabiwa kama watu wa mji, hali mji umekaa juu ya ardhi yao.

Wanaume wa mkataba mfupi

Kampuni ilihitaji maelfu, na nchi ya karibu haikuwa na maelfu wala hamu. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kukusanya vibarua. Watu wake waliingia vijijini Lomami, Kasai na kando ya Luapula, nao walimwendea chifu kwanza, maana chifu ndiye aliyetakiwa kutoa idadi. Serikali nayo iliwaandika vijijini wale iliowaita wanaume wazima wenye nguvu. Daftari hilo lilikuwa la kodi na la kazi kwa wakati mmoja. Mwanamke hakuandikwa humo, isipokuwa mume wake alipokuwa na wake wengi na kutakiwa kulipia zaidi.

Walioletwa walitembea majuma, kisha wakapanda mabehewa, wakafika katika baridi ya mwezi wa sita bila blanketi la maana. Walilala wengi katika chumba kimoja na kula unga waliokuwa hawajauzoea. Homa ya mapafu, kuhara na homa ya matumbo viliwamaliza. Homa ya Kihispania ya 1918 ilipokuja kwa reli, ilikuta kambi zimejaa watu waliokwisha kudhoofika. Wengi walitoroka usiku, na kutoroka lilikuwa kosa la kufungwa. Aliyemaliza mkataba wake alirudi kwao, na mwingine akaletwa kushika nafasi. Kwa hesabu hiyo mji ulikuwa na wanaume wengi kila mwaka, lakini wakazi wachache: kila mmoja alikuwa mpita njia.

Nje ya kambi za kampuni palikuwa na watu wa namna nyingine, waliokuwa wakazi kweli ingawa hakuna aliyepanga wawe hivyo. Walikuwa mafundi cherehani, waoka mikate, mafundi viatu, wauza pombe, na maboyi waliohudumia nyumba za Wazungu. Kwanza walijenga ukingoni mwa mji. Katika miaka ya 1920 walihamishiwa mtaa mpya uliopewa jina la mfalme Albert, ambao sasa ni Kamalondo. Kati yake na mji wa Wazungu paliachwa ukanda usiojengwa, na baada ya saa ya usiku iliyowekwa Mwafrika hakuruhusiwa kuuvuka bila kibali. Boyi aliyejua kila siri ya nyumba ya bwana wake alitakiwa kuonyesha karatasi ili arudi kulala.

Jambo la kushukuriwa ni kwamba watu hao waliacha maandishi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mjini kitabu kifupi juu ya historia ya Élisabethville kama walivyoiona maboyi: Wazungu wa mwanzo na majina waliyobandikwa na watumishi wao, njaa, kazi, vita. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha 1990. Kwa anayetafuta wakazi wa kwanza wa mji huu, kurasa hizo zina uzito kuliko taarifa nyingi za mwaka za kampuni.

1928: wake na watoto wanaandikwa

Katikati ya miaka ya 1920 mpango wa wapita njia ulifika mwisho wake. Vijiji vilikuwa vimekamuliwa hata tume ya serikali ya 1924–25 ikaweka kikomo cha wanaume wanaoweza kutolewa kila sehemu. Waingereza nao walikuwa wakifungua migodi yao ng'ambo ya mpaka na kuwataka watu wao. Serikali ya Ubelgiji ilitaka kupunguza harufu ya Rhodesia katika mji wake, hata katika lugha. Kwa hiyo kampuni iligeukia kaskazini na mashariki, hadi Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikasukumwa mbele kama lugha ya kazi na shule. Reli ya kwenda Ilebo, huko Kasai, ilifunguliwa 1928, na Waluba wa Kasai wakawa mlangoni.

Hapo Union Minière ilifanya uamuzi uliozaa mji wa leo. Kuanzia 1927 na 1928 mikataba ilirefushwa hadi miaka mitatu, na mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kuja na mke. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia mpango huo. Familia ilipewa nyumba ya matofali. Posho ilitolewa kwa mke na kwa kila mtoto. Mjamzito alitakiwa kliniki, mtoto alipimwa uzito, na akikua aliingia shule ya Wabenediktini.

Mpango huo haukutokana na huruma. Mtu aliyefundishwa kazi na kuondoka ni hasara, na mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi asiyehitaji kukamatwa kijijini. Hata hivyo uhai haufuati nia ya aliyeupanga. Watoto hao walicheza pamoja, Mluba na Mbemba na Mnyarwanda. Kiswahili walichokipata uwanjani kilikuwa chao, na kijiji cha baba walikijua kwa kusimuliwa. Usemi wa kambini kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama ulieleza ukweli, na pia ulieleza utegemezi: nyumba, chakula, dawa na shule vilitoka mkono mmoja. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipoanguka juu ya bei ya shaba baada ya 1930, mkono huo uliwarudisha makwao maelfu. Wengine hawakurudi. Walijenga katika mitaa ya Waafrika, Kamalondo na Kenya, wakasubiri.

1941 hadi uhuru

Waliosubiri, na watoto wa kambi walioanza kufanya kazi, ndio waliosimama Desemba 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na mishahara imebaki pale pale. Tarehe 9 wafanyakazi wa tanuru la Lubumbashi walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari waliwapiga risasi. Makumi walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea. Watu hao hawakuwa tena wa mkataba mfupi. Walidai kama wenye mahali, na serikali ilijibu kwa woga wa anayelijua jambo hilo.

Baada ya vita mji ulipanuka kwa kasi: Katuba, kisha Ruashi. Uchaguzi wa mameya wa Desemba 1957 ulionyesha jinsi watu walivyopangika, maana waliotoka Kasai walishinda nafasi nyingi, na 1958 wanasiasa waliojiita wa asili ya Katanga wakaunda chama cha CONAKAT. Swali la nani mwenyeji, ambalo Walamba hawakuwahi kuulizwa, sasa liliulizwa na watu ambao wengi wao nao walitoka mbali na mto Lubumbashi. Kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe, kuanzia 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, kulilijibu kwa damu. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walilala katika kambi ya wakimbizi ndani ya mji walimozaliwa watoto wao. Miaka thelathini baadaye, 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa tena kutoka miji ya shaba. Walijaa katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, wengi wao wakiwa wamezaliwa papo hapo kwa sababu ya uamuzi wa 1928.

Nchi ya Kaponda

Mji ulirudishiwa jina la mto wake 1966, na mwaka uliofuata Union Minière ikawa mali ya dola, baadaye Gécamines. Ilipodhoofika, daftari la posho lilifungwa pia. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na familia zilizohesabiwa tangu kliniki ya uzazi zikabaki bila orodha ya kuandikwa.

Wakati huo huo mji ulianza kuwafikia Walamba kwa miguu. Wilaya inayoitwa Annexe inauzunguka pande zote, na ndani yake nyumba mpya zinasonga kila mwaka hadi vijijini. Miombo ya Kaponda imekwenda mjini kwa magunia ya makaa, maana nyumba nyingi hupika bukari, yaani ugali, kwa moto huo. Kwa upande wa mpaka, katika kijiji cha Makwacha, wanawake wangali wanapaka kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mvua zikiisha, majira yale yale ambayo wazee wao walitoka kwenda kwenye mashimo ya shaba. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanywa 1984, ikaikuta Lubumbashi na zaidi ya watu nusu milioni. Zilizofuata ni hesabu za makisio, sasa zikitaja zaidi ya milioni mbili, na vijiji vya Walamba vilivyofikiwa na nyumba vinaingizwa humo kama sehemu ya mji, baada ya miaka mia moja na zaidi ya kuachwa nje yake.